Taa inawaka, mnyama anadhoofika: kutatua matatizo ya taa za UV kwa kobe, mijusi na vinyonga

Wafugaji wa reptilia wakieleza matatizo yao, kuna maneno hayakosekani: "Lakini taa inawaka." Miguu ya kobe imelegea, taya la mjusi limekuwa laini, kinyonga hafungui macho, na mwenye mnyama anaapa kwamba taa haijakosa kuwashwa hata siku moja. Anasema kweli. Ila mwanga anaouona yeye sio ule anaoukosa mnyama. Miale ya UVB, sehemu mojawapo ya miale ya urujuanimno (UV) iliyomo kwenye jua, haionekani kwa jicho la binadamu. Taa inaweza kuangaza chumba kizima bila kutoa UVB yoyote, na taa nzuri kabisa inaweza kuzuiwa na kipande cha kioo ambacho hata hukikumbuki kwamba kipo. Kwa hiyo kabla ya kununua taa mpya, kagua kilicho kati ya taa na mnyama. Mara nyingi tatizo hupatikana hapo, na kuliondoa hakugharimu shilingi.

Ndani ya kizimba mwanga una kazi tatu: joto, mwanga wa kuonea, na UV. UV nayo imegawanyika. UVA, yenye urefu wa wimbi wa nanometa 315 hadi 400, reptilia wengi wa mchana huiona kwa macho yao. Wakiikosa, rangi za chakula na za wenzao hazionekani kwao zilivyo. UVB, nanometa 280 hadi 315, ndiyo inayoanzisha utengenezaji wa vitamini D3 kwenye ngozi. Bila D3, kalsiamu iliyomo kwenye chakula hainyonywi utumboni ipasavyo, na mwili huanza kuikopa kutoka kwenye mifupa.

Yale maneno "full spectrum" (mwanga wa wigo kamili) kwenye boksi yasikutulize. Kiwanda kimoja hukusudia mwanga mweupe unaofanana na wa mchana, kingine hukusudia kwamba kuna UVA kidogo, na vichache tu hukusudia UVB. Taa za LED zinazouzwa kwa jina hilo nyingi hazina UVB kabisa, ingawa ni nzuri sana kwa mimea na kwa kumchangamsha mnyama. Kwenye boksi tafuta herufi UVB, na chati inayoonyesha umbali na kiasi kinachofika. Taa isiyo na chati hiyo mimi huiacha dukani.

Humu nataja zaidi mjusi ndevu wa Australia (Pogona vitticeps), ambaye watoto wa Waswahili wengi walioko Ulaya na Marekani humnunua kabla wazazi hawajajua anahitaji nini, pamoja na kobe wa nchi kavu na kinyonga. Kwa walioko nyumbani: kobe na kinyonga wa porini wanalindwa na sheria, Kenya kwa Sheria ya Wanyamapori ya 2013 na Tanzania kwa ile ya 2009. Kumfuga bila kibali ni kosa, hata kama ulimwokota barabarani ili asikanyagwe na gari.

## Dalili zisizosubiri taa

Ukiona mojawapo ya hizi, acha kusoma na utafute daktari wa wanyama leo hii:

- vidole au misuli inarukaruka yenyewe, au mnyama anatetemeka na kukakamaa;
- hawezi kuinua tumbo kutoka ardhini, au anaburuta miguu ya nyuma;
- mguu umevimba au umepinda ghafla;
- jike anasukuma kwa muda mrefu bila kutaga;
- anapumua mdomo wazi huku mapovu yakitoka puani au mdomoni.

Kutetemeka maana yake kalsiamu kwenye damu imeshuka mno. Hapo hakuna taa itakayomwokoa kwa wakati, anahitaji dawa kwa mkono wa daktari. Madaktari wengi wa mifugo kwetu wamezoea ng'ombe, mbuzi na mbwa, basi piga simu kwanza uulize nani anajua reptilia. Vitivo vya tiba ya wanyama, kama vya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) pale Morogoro na Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete, ni pa kuanzia kuulizia. Msafirishe ndani ya boksi lenye taulo, wala usimshike mkononi njia nzima, kwa sababu mifupa iliyolainika huvunjika kwa kubanwa kidogo tu.

## "Taya limelainika, miguu imepinda, gamba linabonyea"

Huu ni ugonjwa wa mifupa unaotokana na kalsiamu kutotumika vizuri mwilini, nao ndio unaoripotiwa kuliko mengine yote. Tahadhari moja kwanza: kobe aliyetoka yaiini karibuni huwa na gamba linalonepa kidogo, na hilo si ugonjwa. Gamba la kobe wa mwaka au zaidi likibonyea kwa kidole, hilo ni jambo jingine.

Chanzo kinachoongoza ni kioo au plastiki. Kioo cha kawaida cha dirisha au cha tanki huzuia karibu UVB yote, na plastiki nyingi angavu hufanya vivyo hivyo. Ndiyo maana kobe anayewekwa dirishani "apate jua" hapati chochote zaidi ya joto. Angalia mfuniko wa tanki, angalia kama fitingi ya taa ina kifuniko cha plastiki mbele ya tyubu, angalia kama kuna mtu aliyetandika nailoni kuzuia vumbi. Ondoa.

Kinachofuata ni wavu wa chuma. Huu hauzuii yote, lakini wavu wa matundu madogo hukata takriban theluthi moja hadi nusu ya UVB, na ukijaa vumbi hukata zaidi. Ama ifunge taa ndani ya kizimba, mahali mnyama asipoweza kuigusa, ama chagua taa yenye nguvu zaidi ukijua kwamba sehemu yake itaishia kwenye wavu.

Halafu umbali. Ukiisogeza tyubu mbali mara mbili, UVB inayomfikia mnyama hupungua kwa nusu au zaidi. Pima kwa futi ya fundi kutoka kwenye taa hadi mgongoni mwa mnyama akiwa mahali pake pa kuotea. Usipime hadi sakafuni, labda kama hapo ndipo anapootea. Tyubu nene ya T8, yenye kipenyo cha milimita 26, nguvu yake huishia karibu, na kwenye kizimba kirefu kwenda juu haifiki chini. Nyembamba ya T5, milimita 16, zile za nguvu kubwa za wati 24, 39 au 54, ndiyo inayofaa vizimba vingi vya leo. Na asilimia iliyoandikwa kwenye taa isikuhadae. "10%" inakwambia sehemu gani ya mwanga wake ni UVB, haikwambii ni kiasi gani. Asilimia 10 ya tyubu ya wati 15 haiwezi kulingana na asilimia 10 ya tyubu ya wati 39.

Umri wa taa nao huwanasa wengi. Kemikali iliyopakwa ndani ya tyubu huchoka, UVB ikashuka, na mwanga wa kuonekana ukabaki vilevile. Kwa asiye na kipimo, desturi ni kubadilisha T8 baada ya miezi 6 na T5 nzuri baada ya miezi 12. Andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito kwenye ncha ya tyubu siku unapoifunga. Taa ya mitumba, ya aliyehama au aliyefiwa na mnyama wake, ihesabu kuwa imekufa mpaka ipimwe.

Wapo pia wanaotumia taa ambayo haikuwa ya UVB tangu mwanzo. Taa ya kukagulia noti bandia dukani, ya kukaushia rangi ya kucha saluni, na ile ya buluu ya kuvuta mbu, zote hutoa UVA. Zinang'aa kizambarau, zinapendeza, na hazitengenezi vitamini D3 hata kidogo. Kinyume chake kuna hatari kubwa zaidi: taa za kuua vijidudu, zile za vyumba vya hospitali na mitambo ya kusafisha maji, hutoa UVC ya nanometa 254. Hiyo huunguza macho na ngozi ya mnyama, na yako pia. Muuzaji akikwambia "UV ni UV tu", ondoka.

Ukishahakikisha haya yote na taa ni nzima, geukia joto. Wengi hawajui kwamba UVB huanza kazi tu. Hatua inayofuata, ya kugeuza kile kilichotengenezwa kwenye ngozi kuwa D3 kamili, inahitaji mwili wenye joto. Mjusi anayeoga UVB nzuri kwenye baridi ya Nairobi mwezi wa Julai anapata nusu ya faida, tena chakula chake kinakaa tumboni bila kusagika. Taa ya joto na taa ya UVB zikae pamoja upande mmoja wa kizimba, ili anapoota jua apate vyote viwili, na upande wa pili ubaki wa baridi na kivuli.

Mwisho ni chakula, na si mwisho kwa sababu ni kidogo. Mwili unahitaji kalsiamu takriban mara mbili ya fosforasi. Nyenje na funza wa unga wana hesabu iliyopinduka, fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, basi wanyunyizie unga wa kalsiamu usio na fosforasi kabla ya kulisha. Kwa kobe, nyasi, majani na maua ya haibiskasi, na vipande vya mpungate vilivyoondolewa miiba ni bora kuliko nyanya na ndizi. Mchicha na spinachi zina oksaleti inayoishika kalsiamu isitumike. Zisiwe chakula cha kila siku. Sukuma wiki ina nafuu.

Kosa linalofuata baada ya kugundua tatizo ni kumwaga unga wa D3 kwenye kila mlo "afidie". Ngozi ina breki yake: mwanga ukizidi, kinachotengenezwa hugeuzwa kuwa vitu visivyo na madhara. Mdomo hauna breki hiyo. D3 ya kumeza ikizidi hupeleka kalsiamu kwenye figo na mishipa ya damu, na huko haitoki. Kipimo chake ni cha daktari. Vilevile usijaribu kunyoosha mguu uliopinda wala kufunga gango mwenyewe. Mnyama akitunzwa vizuri ugonjwa husimama na taya hukaza, ila mfupa uliokwisha kupinda kwa kawaida hubaki hivyo.

## "Anafumba macho mchana, au macho yamevimba"

Jiulize: yalianza siku ngapi baada ya kubadilisha taa? Ikiwa ni siku moja au mbili, taa ndiyo mshukiwa. Izime UVB, acha joto na mwanga wa kawaida, uone. Macho yaliyoathiriwa na taa mara nyingi hupata nafuu ndani ya siku chache baada ya kuiondoa.

Mara nyingi taa kama hiyo huwa karibu mno, au imefungwa ubavuni badala ya juu. Reptilia wengi wa mchana wana mfupa uliotokeza juu ya jicho, unaowakinga na jua la utosini. Taa ya ubavuni hupita chini ya kinga hiyo na kumwingia moja kwa moja. Ipandishe juu, ielekee chini, na uache umbali ulioandikwa kwenye chati. Kuna pia balbu za bei rahisi, hasa zile fupi zilizosokotwa, ambazo baadhi zimewahi kupatikana zikitoa mawimbi mafupi kupita kiasi, yasiyomo kwenye jua linalotufikia. Balbu isiyo na jina wala chati, iliyonunuliwa mtandaoni kwa bei ya kutupa, usiirudishe hata kama macho yamepona.

Kama taa haikubadilishwa, angalia mambo mengine: mchanga au vumbi la matandiko jichoni, ngozi ya zamani iliyonasa kwenye kope baada ya kujibambua, maji kidogo. Macho ya kinyonga yaliyozama ndani ni dalili ya kiu ya muda mrefu. Kinyonga anayelala mchana kweupe huwa mgonjwa tayari, kwa hiyo usingoje wiki iishe. Kwa kobe wa majini, kope zilizovimba pande zote mbili mara nyingi hutokana na upungufu wa vitamini A kwenye mlo wa aina moja. Hapo usinunue sindano ukamchoma mwenyewe: vitamini A ikizidi humbabua ngozi. Matone ya macho ya binadamu yenye steroidi nayo usiyaguse. Siku mbili bila kufungua macho, daktari.

Na wewe mwenyewe, usikodolee taa ya UVB kuikagua. Izime kwanza.

## "Hatoki mafichoni, haji kwenye mwanga"

Sababu ya kawaida ni joto kupita kiasi, si UV. Watu hufunga balbu ya wati 100 kwenye tanki dogo halafu wanashangaa mjusi anaishi chini ya gogo. Mjusi ndevu hutaka uso wa mahali pa kuotea uwe nyuzi 38 hadi 42 za Selsiasi, na upande wa baridi nyuzi 24 hadi 28. Vile vipimajoto vya kubandika kwenye kioo hupima kioo. Tumia cha kuelekeza kama bastola, lakini cha mafundi. Kile cha kupimia watu homa kimetengenezwa kwa joto la mwili, na juu ya jiwe la moto hakina la kukwambia.

Sababu ya pili ni kukosa daraja kati ya mwanga mkali na giza. Mnyama akipewa mambo mawili tu, kuungua au kujificha, atajificha. Weka matawi, mawe na mimea, ili kuwe na kivuli nusu ambapo anaweza kuchomoza kichwa na bega. Kisha kuna ugeni, kwa sababu mnyama aliyefika juzi hujificha na inabidi umpe muda. Na kuna aina yenyewe: geko chui wa Pakistan na Afghanistan hutoka jioni na alfajiri, hivyo kujificha kwake mchana ni tabia, ingawa UVB kidogo bado humfaa. Mjusi ndevu mkubwa aliyeko Ulaya anaweza pia kupunguza kula na kulala sana majira ya baridi bila kuwa mgonjwa. Akikonda wakati huo huo, si usingizi wa msimu tena.

Wanyama weupe au waliofifishwa rangi kwa uzalishaji hawana kinga ya rangi kwenye ngozi. Kwao anza na nusu ya kiasi unachompa mwenzao wa rangi ya kawaida.

## "Anakaa chini ya taa mdomo wazi"

Mjusi ndevu akiachama akiwa mahali pa kuotea anapunguza joto tu. Mwache. Akiachama upande wa baridi, au kobe akinyoosha shingo na kuachama huku akitoa sauti ya mluzi, hilo ni la kifua. Daktari.

## "Gamba la kobe linainuka kama vichuguu"

Taa husingiziwa sana hapa. Utafiti wa Wiesner na Iben, uliochapishwa 2003 kuhusu kobe wa Afrika wenye miiba ya mapajani, ulionyesha kwamba ukavu wa hewa wakati kobe anakua ndio uliochangia zaidi vichuguu, kuliko hata wingi wa protini. Balbu kali ya joto inayokausha mgongo wa kobe mdogo kutwa nzima inahusika kwa njia hiyo. Mpe mtoto wa kobe maficho yenye udongo mbichi, muogeshe kwenye maji vuguvugu ya kina kifupi, na sambaza joto badala ya kulielekeza mahali pamoja. Vilivyokwisha kuinuka havishuki. Gamba jipya ndilo litakaloota laini.

## "Taa haiwaki, inapepesa, au inajizima yenyewe"

Hapa tuko kwenye umeme, basi kanuni ni moja: chomoa plagi kabla ya kugusa chochote, kuzima swichi peke yake hakutoshi.

Tyubu isiyowaka mara nyingi haijakaa vizuri kwenye holda zake. Itoe, irudishe, izungushe mpaka ikamate. Ikibaki kimya, jaribu tyubu nyingine unayojua ni nzima. Kama nayo haiwaki, tatizo liko kwenye choki au, kwa T8 za zamani, stata. Choki lazima ilingane na tyubu: ya T8 haiendeshi T5, na ya T5 ya kawaida haiendeshi T5 ya nguvu kubwa hata kama urefu unafanana. Siku hizi kuna mtego mpya. Fitingi nyingi madukani ni za tyubu za LED, hazina choki ndani, zinapeleka umeme wa nyumba moja kwa moja kwenye tyubu. Usifunge tyubu ya UVB humo.

Balbu za zebaki, zile zinazotoa joto na UVB kwa pamoja, zina tabia zao. Umeme ukishuka kidogo tu zinazimika, na zikizimika haziwaki tena mpaka zipoe, jambo linaloweza kuchukua hadi robo saa. Hiyo si hitilafu. Lakini zikijizima kila siku wakati umeme uko sawa, kuna joto lisilopata njia ya kutoka: kuba linalofunika balbu limebana, au holda si ya kauri. Hazikubali dima wala themostati inayopunguza umeme. Kwa hiyo joto lake hulidhibiti kwa kupandisha na kushusha tu, na kwenye kizimba kidogo mimi sizipendekezi kabisa.

Kuna na balbu ya zawadi. Shangazi ametoka Marekani na taa nzuri kwenye sanduku, ni ya volti 120. Ukiichomeka kwenye umeme wetu wa 230 au 240 itawaka kwa kishindo na kuishia hapo, ikiwezekana na vipande vya kioo juu ya mnyama. Soma maandishi kwenye kitako cha balbu kwanza.

Kwa wafuga vinyonga, maji ya kunyunyizia ni hatari kubwa: tone moja kwenye balbu ya moto linaweza kuipasua. Nyunyizia mbali na taa, na waya ushuke chini kuliko soketi kabla ya kupanda tena, ili maji yadondoke sakafuni yasifuate waya hadi kwenye umeme.

Acha na umwite fundi umeme mwenye leseni ukisikia harufu ya plastiki kuungua, ukiona soketi imebadilika rangi, swichi kuu ikianguka kila unapowasha, au ukihisi mtetemo kwenye chuma cha kizimba. Huo mtetemo maana yake umeme unavuja na waya wa ardhini, ule mafundi wanaouita ethi, haufanyi kazi. Usikiguse chuma hicho tena "kuhakikisha".

Tyubu ikivunjika ina zebaki. Mtoe mnyama na watoto chumbani, fungua madirisha, subiri kama robo saa, kusanya vipande kwa karatasi ngumu na gundi ya utepe. Usifagie wala kutumia mashine ya kuvuta vumbi.

## Ukitaka kuacha kubahatisha

Kipo kipimo cha mkononi kinachosoma kielezo cha nguvu ya UV, kinachoandikwa UVI. Solarmeter 6.5 ndicho wafugaji wengi wanachokitegemea. Ni ghali kwa mtu mmoja, lakini watu wachache mnaofahamiana mkichanga mtakizungusha miaka mingi. Kadi zinazobadilika rangi kwenye mwanga hazitoshi, kwa sababu hata UVA inaweza kuzibadilisha.

Namba za kulenga zilitokana na kazi ya Gary Ferguson na wenzake, ambao mwaka 2010 walichapisha vipimo vya UV walivyovipata kwa kufuatilia mijusi na nyoka wenyewe wakiwa porini, Jamaica na Marekani, kisha wakawagawa katika makundi manne kulingana na wanavyopenda jua. Kwa mjusi ndevu na kobe wa nyika zilizo wazi, lenga UVI ya 3 hadi 5 au 6 pale wanapootea. Vinyonga wengi wanaofugwa, karibu 3 kwenye tawi la juu kabisa. Geko chui na wengine wa jioni, isizidi sana 1. Namba hizo ni za mahali pa kuotea tu. Kwingineko zishuke hadi sifuri kwenye maficho. Kama mnyama hana pa kukimbilia, hata UVI ya 3 ni nyingi. Taa ziwake kwa saa 12 na zizimwe kwa saa 12, kwa taima kama hukai nyumbani. Usiku giza liwe giza, bila balbu nyekundu.

## Kwa nini usitumie jua lenyewe?

Kwa aliyeko Dar, Mombasa au Kampala, ndilo jibu la kwanza. Hakuna taa inayolifikia. UVI yetu ya saa sita mchana mara nyingi hupita 10, na kobe wa nyika hajaungua kwa sababu anaota asubuhi na kuingia kichakani jua likipanda. Mfuate: nusu saa hadi saa moja asubuhi, mara kadhaa kwa wiki, ndani ya banda la wavu lenye kivuli na maji. Mlinde dhidi ya kunguru, paka na siafu. Aliyeko London majira ya baridi hana uchaguzi huo, na aliyeko Muscat mwezi wa Juni ana jua lakini hana joto la kuvumilika. Hao wategemee taa.

Kamwe usitoe tanki la kioo nje juani. Kioo kinazuia UVB na kushika joto, na mnyama anaweza kufa kwa dakika chache wakati wewe umeingia ndani kuchemsha chai. Akikutwa amelegea kwa joto, mpeleke kivulini, mloweshe kwa maji ya kawaida yasiyo ya barafu, na umpeleke kwa daktari hata kama ameamka.

Unapokwenda kwa daktari, chukua picha ya taa na maandishi ya kitako chake, picha ya kizimba kizima ikiwa taa zimewashwa, tarehe taa iliponunuliwa, umbali kwa sentimita, joto la pande zote mbili, na orodha ya alichokula wiki mbili zilizopita pamoja na unga wowote ulionyunyiza. Kama umebakiza boksi la taa, libebe pia.